Mashine Iliyopiga Pasi Maneno

1

Namsifu alikuwa na hasira na fundi wa makochi, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Mtu anakaa na makochi yako mpaka unasahau yalivyokuwa, anakurudishia yamevikwa kitambaa cha rangi usiyoichagua, mguu mmoja mfupi, na ndani ya sponji panya kajifungua. Alisimama mbele ya kompyuta ya nyumba, pale ukutani sebuleni, akaiambia irekodi, kisha akasema bila kumeza neno:

"Ngonyani, wewe ni tapeli. Usikanyage tena mlangoni kwangu. Kazi uliyofanya, mbuzi angeifanya vizuri zaidi."

Kompyuta ikalia *ting*, ujumbe ukaenda. Hata chai haijapoa, sura ya Ngonyani ikatokea kwenye kioo, meno yote nje.

"Mama, nashukuru sana kwa maneno yako mazuri! Wateja wengi hawajui kumsifu fundi. Na huyo jirani yako unayetaka kunipeleka kwake, mwambie nipo tayari hata kesho."

Namsifu akakisogelea kioo. Akachapa kwa mkono safari hii, herufi moja moja, akalitazama neno *tapeli* likikaa kwenye kioo bila kubadilika. Akalituma. Jibu likaja: "Amina, mama. Na wewe ubarikiwe."

Akaizima kompyuta, akaiwasha, maana ndiyo dawa pekee ambayo kila mwenye nyumba mjini Morogoro anaijua. Akaipiga kofi ubavuni. Mashine ile ilikuwa na vituko siku nyingi. Ukiomba taa, inakufungulia bomba. Ukiomba habari, inakusomea hali ya hewa ya Mtwara. Vituko hivyo alikuwa amevizoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwaruza. Lakini hiki cha leo hakikufanana na ubovu. Kilifanana na dharau.

Alasiri akamwita Kondo, kijana wa mtaani anayetengeneza kompyuta. Kondo akaichomeka waya, akatazama, akachomoa.

"Haina ugonjwa, mama. Inafanya kazi yake."

"Kazi gani? Kunifanya mjinga?"

"Hiyo ni Staha."

Staha kila mtu aliijua. Ilikuja baada ya mwaka wa Vurugu, pale tusi moja lililorushwa kwenye kundi la mtaa lilipozaa mkuki, mkuki ukazaa moto, na masoko yakaungua kuanzia mji huu hadi mji ule. Serikali ikaamuru kila kompyuta ya nyumba iwekwe Staha. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kuuliza tu. Ukisema neno kali, inakukatiza kwa sauti ya upole: *Una uhakika?* Watu wakaicheka, wakaizoea, wakaisahau.

"Siku hizi haiulizi," Kondo alisema. "Toleo jipya linapiga pasi. Neno likiwa na makunyanzi, linanyooshwa huko njiani kabla halijafika. Sauti inabaki yako, sura inabaki yako. Hata uso kwenye picha unanyooshwa, midomo ifuate na machozi yafutike."

"Na yanayoingia kwangu?"

"Nayo pia, mama. Ingekuwa nusu kazi, sivyo?"

"Nani aliiruhusu kuingia nyumbani kwangu?"

Macho ya Kondo yalikwenda kwa Elifuraha, mume wa Namsifu, aliyekuwa amejikunja kwenye lile kochi la mguu mfupi akijifanya anasoma gazeti.

"Kilitokea kitufe kimeandikwa *Nakubali*," Elifuraha akasema. "Nikabonyeza. Nani duniani asiyebonyeza?"

"Ulisoma maelezo?"

"Mama Sifueli, kuna mtu anasoma?" Kisha akaongeza, taratibu, kama mtu anayenyoosha mkono kwa mbwa asiyemjua: "Lakini hujaona? Tangu hapo sijawahi kukupigia simu nikiwa safarini tukagombana. Hata mara moja."

Namsifu alimtazama. Alikumbuka zile simu zote, *nimekukumbuka mke wangu, nitachelewa kidogo*, akajiuliza kilichokuwa kimesemwa hasa ni nini. Angemuuliza, tena angemuuliza hadi majirani wasikie, lau fikra nyingine isingemjia ikamkaa kooni kama mfupa.

Naelijwa.

Naelijwa alikuwa mdogo wake; katika ndugu walikuwa wamebaki wawili tu. Aliishi Usangi, juu kwenye milima ya Upare, akimtunza mama yao tangu kiharusi kilipomlaza. Kila Jumapili baada ya ibada Namsifu alipiga simu, na kila Jumapili sura ya Naelijwa ilitokea imetulia: *Tunaendelea vizuri, Dada. Mama anakula. Ukipata nafasi, karibu.* Namsifu alikuwa akikata simu na moyo mweupe, akiwaambia wanakwaya wenzake kwamba Mungu amempa mdogo wake mabega ya chuma.

"Kondo," akasema. "Mtu akisema nakufa, mashine inafanyaje?"

Kondo akajikuna shingo. "Akiwa anakufa kweli, itaita gari la wagonjwa. Lakini ile nakufa ya kuchoka, ile ya nimeshindwa, njooni mnisaidie... inaweza ikasema, nimechoka kidogo. Haiui habari, mama. Inatoa mwiba tu."

"Na mwiba ukiwa ndio habari yenyewe?"

Kijana akaanza kukunja waya zake.

"Inatolewaje?" Namsifu akauliza.

"Kuna kipande chekundu nyuma, ukikivuta inatoka. Ila nyumba inakatwa kwenye mtandao hapo hapo. Simu hakuna, na maji utafungulia kwa mkono. Tena wakubwa hawapendi."

Namsifu hakukivuta cha kwake. Alikwenda chumbani kufungasha nguo.

2

Treni ilimshusha Mwanga asubuhi, gari likampandisha milimani kwenye ukungu na migomba. Nyumba ya mama yao aliikuta na nyasi zimefika dirishani. Aligonga, mlango ukafunguliwa kidogo, na katika ule upenyo akaona uso ambao hakuwahi kuuona kwenye kioo. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimefungwa upande. Harufu ya mkojo na dawa ya kuoshea sakafu ilitoka pamoja na maneno:

"Umekuja kumzika nani? Hajafa bado."

"Naelijwa, mdogo wangu..."

"Usiniite mdogo wako. Mdogo wako ulimtupa."

Namsifu alisukuma mlango akaingia. Walisimama jikoni, meza katikati yao. Chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, mama yao alilala ubavu akitazama ukuta.

"Sikujua," Namsifu alisema. "Nakuapia, sikujua kama mambo ni hivi."

"Hukujua!" Naelijwa alipiga meza kwa kiganja. "Nilikuambia Pasaka. Nilikuambia masika, nilikuambia vuli. Nililia mbele ya kile kioo mpaka kamasi zikanitoka. Nilikuambia, Dada, usipokuja nitamwekea Mama mto usoni, kisha mimi nijitupe korongoni. Ukanijibu nini? Unakumbuka ulichonijibu? *Hongera sana, mdogo wangu, Mungu akubariki.* Hongera! Siku ile nilikulaani, Namsifu. Nilitoka nje nikakulaani kwa jina la baba."

Namsifu akashika ukingo wa meza.

"Mimi nilisikia umemnunulia Mama mto mpya," akasema. "Nilisikia umemnunulia mto mpya na analala vizuri."

Ndipo akamweleza: Ngonyani na makochi, Kondo na waya zake, pasi inayopigwa njiani. Naelijwa alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akacheka kicheko kibaya kisichokuwa na mwisho mzuri.

"Kumbe na kwenye simu," akasema. "Kwa Mama nilijua. Kile kidude chake cha sikioni kinapitia kwenye kompyuta hii hapa. Nilidhani ni hicho tu."

"Ulijua nini kwa Mama?"

Naelijwa akashusha sauti, ingawa mwenye chumba cha pili alikuwa kiziwi, na kidude kingemnyooshea maneno yote.

"Unamjua Mama na ulimi wake. Ukimlisha umemuunguza, ukimgeuza umemvunja, ukichelewa dakika wewe ni kahaba umetoka kwa mabwana. Siku moja nilichoka. Nikamjibu. Nilimjibu neno ambalo mtu hamjibu mama yake, na papo hapo nikataka ardhi inimeze. Unajua alisemaje? *Haya, asante.* Nikamwita fundi, akaniambia ni Staha. Akauliza kama aiondoe. Nikamwambia iache." Akainua macho. "Tangu siku hiyo namwambia yote. Kila siku, nikimwosha, nikimvalisha. Yananitoka, nabaki mwepesi, naweza kuamka kesho. Na yeye anasikia asali."

"Tuing'oe," Namsifu alisema. Hasira ilikuwa imempanda hadi kwenye nywele. "Hii takataka tuing'oe leo hii."

Naelijwa aliruka akasimama kati yake na kompyuta.

"Usithubutu. Unakuja na mkoba wako na vitenge vyako, hata viatu hujavua, unataka kunivua nguo mbele ya mama yangu? Mashine hii ndiyo inayonifanya binti mwema!"

"Na ndiyo iliyonifanya mimi dada mbaya!"

"Hapana, Dada." Sasa Naelijwa alisema polepole, na upole wake uliuma kuliko makelele. "Hilo ulilifanya mwenyewe. Sawa, mashine ilikudanganya. Lakini *ukipata nafasi, karibu*, hilo ulilisikia. Lilikuwa tamu, lilikuwa limenyooshwa, hata kunyanzi halina. Ulikuja?"

Namsifu alitafuta jibu. Yalikuwepo majibu mengi, ya kwaya, ya mahafali ya mwanawe Sifueli, ya ubovu wa barabara, na kila moja alipoliinua lilikuwa jepesi kama ganda la karanga.

"Ndiyo hivyo," Naelijwa akasema. Akachukua ndoo. "Naenda kumkamua ng'ombe, halafu nichemshe maji ya Mama huko nje. Kaa naye. Angalau leo kaa naye."

3

Mama yao, Nakiete, alikuwa mwanamke ambaye zamani akipita sokoni wauza ndizi walishusha bei kabla hajafungua kinywa. Sasa alikuwa ameisha, mifupa chini ya blanketi, ila macho yalikuwa yaleyale. Yalimtambua Namsifu mara moja.

"Umenenepa," akasema.

Namsifu alipiga magoti kando ya kitanda. Safari nzima alikuwa amepanga maneno, na sasa yote yalimtoroka likabaki moja. Hasira yake kwa mashine, kwa Elifuraha, kwa fundi wa makochi, ilikuwa imemzunguka ikarudi kwa mwenyewe. Akasema kwa sauti, akilitamka vizuri:

"Mama, nimekutelekeza. Nisamehe. Nimekutelekeza."

Kidude kilichokuwa sikioni mwa mama kikawaka kijani. Mama akatikisa kichwa kidogo.

"Na mimi nimekukumbuka," akajibu. "Lakini kukumbukana hakupiki ugali."

"Sikusema nimekukumbuka. Nimesema nimekutelekeza!"

"Ndiyo, ndiyo. Nimesikia. Umenikumbuka sana."

Akarudisha uso ukutani, na Namsifu akauona uso ule ulivyochoka. Haukuwa uso wa mtu anayelishwa asali. Ulikuwa uso wa mtu aliyekaa muda mrefu kwenye chumba cha wageni, akisemeshwa kwa adabu na watu wanaosubiri aondoke.

Ndipo hasira ya Namsifu ikapata mahali pa kwenda. Kwamba mashine imemzuia kumtukana fundi, sawa. Kwamba imemziba masikio asisikie kilio, hilo lilikuwa kubwa. Lakini kwamba mtu amepiga magoti kutubu kwa mama yake aliyemzaa, na toba yake inachukuliwa njiani na kubadilishwa salamu, hilo hakuliweza. Alisimama. Alijua Naelijwa alivyomwambia. Alijua pia kwamba akimwuliza tena, jibu lingekuwa hapana, na kwamba hapana ile ilikuwa na haki yake. Kwa hiyo hakuuliza. Alikwenda jikoni, akaigeuza kompyuta, akakitafuta kipande chekundu kwa vidole, akakivuta kwa nguvu mpaka ukucha ukavunjika.

"Nyumba imekatwa kwenye mtandao. Kidude cha sikioni kitapitisha sauti bila Staha," ikasema sauti ya upole. Kule chumbani, taa ya kijani ya kidude ikawa nyeupe.

Alikuwa bado ameshika kipande kile mkononi Naelijwa alipoingia kwa mlango wa nyuma na karai la maji ya moto. Alipita moja kwa moja chumbani bila kumtazama. Namsifu alikuwa na muda wa kusema. Baadaye, kila alipokumbuka siku ile, alijua kwamba muda alikuwa nao, na kinywa alikuwa nacho.

"We kobe," mama alianza. "Hayo maji umeyafuata Kilimanjaro?"

Naelijwa aliweka karai chini, akakunja mikono ya gauni, akachovya kitambaa. Alijibu bila kupandisha sauti wala kukunja uso, kama mtu anayeimba wimbo wa kusagia uliokwisha kumzoea mdomoni.

"Kwani wewe utakufa lini nami nipumzike?"

Nje, ng'ombe alikuwa akilia.

"Umesemaje?" mama akauliza.

Naelijwa akaacha kukamua kitambaa. Akamtazama mama, akatazama kidude, akaona ile taa nyeupe. Kisha akageuka polepole mlangoni, akaona kipande chekundu kwenye kiganja cha dada yake. Kitambaa kikamdondoka.

"Namsifu. Umenifanyia nini?"

"Mwache huyo," mama alisema. "Nimekuuliza wewe. Rudia."

"Mama, sikusudii..."

"Rudia, nimekwambia! Au una adabu leo?"

Naelijwa akalipuka. Alilia na kupiga kelele kwa pamoja, akayarudia yale na mengine zaidi: miaka yake iliyoozea ndani ya chumba kile, mchumba aliyechoka kusubiri akaoa Ugweno, mgongo wake, usingizi wake, mashuka, mashuka, mashuka. Mama alisikiliza yote. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umekufa tangu kiharusi, lakini upande mzima ulikuwa ukitetemeka, na chozi lilimtoka kwenye jicho hilo likashuka hadi sikioni kwenye kidude.

"Hilo la kufa limeniuma," akasema hatimaye. "Sitasema halijaniuma. Nimekuzaa mimi."

Naelijwa akajifuta kamasi kwa kiganja.

"Lakini sikiliza. Masikio ndiyo yaliyokufa, macho ninayo. Nakutukana asubuhi, nakutukana jioni, naona mdomo wako unavyopinda, naona mishipa inavyokutoka shingoni, na ninachosikia ni *ndiyo Mama kipenzi, pole Mama kipenzi*. Nikasema nimeshakuwa chizi. Nikaongeza matusi makusudi, labda huyu mtoto atanijibu. Unanijibu kipenzi! Ndipo nikajua nimeshakufa na mmeona haya kuniambia. Maana mtu hagombani na maiti. Maiti husemwa vizuri." Pumzi ikamwishia, akaitafuta. "Muda wote huu nimelala humu nasemwa vizuri. Mungu awalaani waliotengeneza hicho kitu."

Naelijwa aliteleza ukutani akakaa sakafuni, karai likiwa kati ya miguu yake, maji yakipoa.

"Mwosheni mtu basi," mama akasema. "Nimelowa."

Namsifu alisogea. Naelijwa akamzuia kwa mkono.

"Usiniguse wewe. Yeye nimemsikia. Lakini siri ile ilikuwa yangu, na hukuniuliza. Ulitaka moyo wako uwe safi, ukausafisha kwa nguo yangu."

Namsifu akarudisha mkono wake, kwani neno lile lilikuwa kweli.

4

Kesho yake ukungu ulipopanda, Naelijwa alitoka na begi dogo. Alikuwa amechana nywele. Alisema anakwenda Same kwa rafiki yake, na hakusema atakaa kiasi gani. Mama alikuwa amemwita kitandani wakazungumza wawili kwa muda, na Namsifu, aliyekuwa akihangaika na bomba lisilofunguka bila kompyuta, alisikia maneno ya mwisho tu: "Nenda. Na ukirudi, urudi kwa sababu umetaka."

Kwenye kizingiti Namsifu alimshika mdogo wake begi.

"Nionyeshe basi namna ya kumgeuza. Asiumie."

"Mimi nani alinionyesha?"

"Naelijwa, nina hasira na nafsi yangu kuliko unavyoweza kunikasirikia."

"Usijidanganye," Naelijwa alisema. Akauchukua mkono wa begi lake. Alishuka hatua kadhaa kwenye njia ya mawe, akasimama, akasema bila kugeuka: "Weka goti lako kitandani kwanza. Usimvute mkono wa kushoto, haujui kuvutwa." Kisha akaendelea kushuka mpaka migomba ikamficha.

Namsifu alirudi ndani. Elifuraha hangeweza kumpigia simu, wala kanisa, wala Ngonyani. Nyumba ilikuwa kimya kama enzi za bibi yake, ila kwa sauti moja iliyokuwa ikiita jina lake kutoka chumbani, kwa hasira, na bila kupumzika. Aliingia. Akaweka goti kitandani. Akapitisha mikono chini ya ule mgongo mwembamba, akainua, akashindwa, akainua tena, na jasho likamtoka.

"Mikono baridi kama chura!" mama alipiga kelele. "Hukufundishwa kazi? Miaka yote hiyo unaimba kwaya, nani kakwambia Mungu anakula nyimbo?"

Joto lilimpanda Namsifu kifuani. Alisubiri, kwa mazoea, kitu fulani kimuulize kama ana uhakika. Hakikuuliza.

"Na wewe mzito kama gunia la mahindi mabichi," akasema, "tena umenipiga kiwiko jichoni. Shika shingo yangu, Mama, au sote wawili tutalala kwenye huu mkojo."

Mama akamtazama kwa karibu, pua kwa pua. Kisha akanyanyua mkono wake mzima, akamshika shingo.

"Haya," akasema. "Geuza."

Wakageuka.